Asili ya neno "calculate" ni ipi, na linatofautianaje na "count", "compute" na "reckon"?

Mwl_Hisabati_F1

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua lugha na historia ya hisabati.

Mwanafunzi anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili anakuja kidato cha kwanza akiwa amezoea "kokotoa", "tafuta thamani" na "hesabu". Akifika huku anakutana na "calculate", "count", "compute" na "estimate", na kwenye vitabu vya hadithi "reckon". Kichwani kwake yote ni "hesabu", kwa hiyo anaandika sentensi kama "calculate the chairs in the class".

Maswali yangu ni haya. Neno "calculate" limetoka wapi hasa? Wapo wanaosema ni ndugu wa "calendar", wengine wanasema "calcium". Pili, mpaka kati ya maneno hayo uko wapi? Na la mwisho, je, "kokotoa" yetu imetokana na kokoto?

Kamusi_Mkononi

Mkuu, wa "calcium" wako sahihi. Wa "calendar" wamepotea, ingawa nitaonyesha kwa nini kosa lao linaeleweka.

Shina ni neno la Kilatini *calx*, jiwe la chokaa. Ukilitia kiambishi cha udogo linakuwa *calculus*, yaani kijiwe. Kijiwe hicho Warumi walikipa kazi nyingi. Kilikuwa kete ya michezo ya ubaoni. Kilikuwa kura mahakamani: cheupe cha kumwachia mshtakiwa, cheusi cha kumtia hatiani. Waganga waliita *calculus* jiwe linaloota ndani ya kibofu cha mkojo, na Celsus, aliyeandika kuhusu tiba katika karne ya 1 BK, alieleza namna ya kulitoa kwa upasuaji. Na juu ya yote, kilikuwa kifaa cha kuhesabia.

Ndiyo maana hadi leo "calculus" ya Kiingereza inawachanganya watu. Daktari wa figo akiandika "renal calculus" anamaanisha mawe ya figo. Daktari wa meno akiandika "calculus" anamaanisha ugaga, ule uchafu uliogandamana kwenye meno. Mwanahisabati anamaanisha tawi la hisabati ambalo Leibniz, mwanahisabati Mjerumani, alianza kulichapisha mwaka 1684, kwa kutumia *calculus* kwa maana ya utaratibu wa kukokotoa. Wote watatu wanatumia kijiwe kilekile.

Kutoka jina hadi kitenzi ilichukua muda. Kwanza palikuwa na misemo. Warumi walisema "kuweka vijiwe" wakimaanisha kupiga hesabu, na "kuita kitu kwenye vijiwe" wakimaanisha kukidai hesabu kamili, senti kwa senti. Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, aliutumia msemo huo kuwalaumu wanaoupima urafiki kwa kulinganisha walichotoa na walichopokea. Kitenzi *calculare* chenyewe kilikuja kushamiri katika Kilatini cha baadaye.

Jambo ambalo wanafunzi wako watalifurahia ni kwamba *calculator* wa Kirumi alikuwa mtu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Mwaka 301 Kaizari Diocletian alitoa amri ya kupanga bei na ujira wa kila aina ya kazi. Ndani yake mwalimu wa kusoma na kuandika aliwekewa dinari 50 kwa mwezi kwa kila mtoto, *calculator* dinari 75, na mwalimu wa sarufi na fasihi dinari 200. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu alikuwa juu ya yule wa alfabeti, lakini mbali chini ya yule wa fasihi.

Kiingereza kililipata neno hili kwa njia mbili. Karne ya 14 lilipitia Kifaransa (*calculer*) likawa "calculen", likitumiwa zaidi na watu wa nyota na tarehe. Umbo la leo, "calculate", ni la karne ya 16. Waandishi walilichukua moja kwa moja kutoka *calculatus* ya Kilatini, kama walivyofanya kwa "estimate" na "narrate". Ukiona kitenzi cha Kiingereza chenye "-ate" mwishoni, mara nyingi umeona Kilatini kinachoishia na *-atus*.

Sasa "calendar". Hiyo inatoka *kalendae*, siku ya kwanza ya mwezi wa Kirumi, na shina lake ni kitenzi cha kutangaza kwa sauti. Siku hiyo ndiyo riba ilidaiwa, na daftari la wadeni likaitwa *calendarium*. Mtu anaona "cal-", anaona pesa na hesabu, anadhani ni ukoo mmoja. Siyo. Ndugu wa kweli wa "calculate" ni "chalk", yaani chaki, na "calcium", jina ambalo mkemia Mwingereza Humphry Davy aliipa metali hiyo mwaka 1808 baada ya kuitenga kutoka kwenye chokaa.

Mwl_Hisabati_F1

Asante sana mkuu, hilo la ugaga na mawe ya figo sikulitegemea. Swali dogo: hivyo vijiwe vilitumikaje? Kuhesabu ng'ombe kwa vijiwe naelewa, kijiwe kimoja kwa ng'ombe mmoja. Lakini 378 + 265 mtu atabeba vijiwe 643?

Ubao_na_Vijiwe

Hapana mwalimu, vijiwe 15 vinatosha kwa hesabu hiyo. Siri ni ubao. Kijiwe hakina thamani yake chenyewe, thamani inatokana na mstari kilipowekwa. Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK, aliwafananisha watu wa ikulu na vijiwe vya ubaoni: mfalme akitaka wana thamani ya talanta, akitaka tena wanashuka hadi sarafu ndogo kabisa ya shaba.

Chora safu sita sakafuni au kwenye kadibodi. Kutoka kushoto kwenda kulia ziandike D, C, L, X, V, I, yaani 500, 100, 50, 10, 5, 1. Ukitaka kufika maelfu, ongeza safu ya M kushoto.

Weka namba ya kwanza, 378: vijiwe 3 kwenye C, 1 kwenye L, 2 kwenye X, 1 kwenye V, 3 kwenye I. Hivyo ni 10. Usiviondoe. Juu yake weka 265: vijiwe 2 kwenye C, 1 kwenye L, 1 kwenye X, 1 kwenye V. Hivyo ni 5. Kujumlisha kumekwisha. Kilichobaki ni kusafisha ubao, na unaanza kulia.

Safu ya I ina 3, iache. Safu ya V ina 2: viondoe vyote viwili, weka kimoja kwenye X. Safu ya X ilikuwa na 2 na 1, sasa imeongezewa 1, jumla 4, iache. Safu ya L ina 2: viondoe, weka kimoja kwenye C. Safu ya C ina 3 na 2 na 1, jumla 6: ondoa vitano, weka kimoja kwenye D, kinabaki kimoja. Soma ubao: D ina 1, C ina 1, L tupu, X ina 4, V tupu, I ina 3. Ni 643.

Kanuni ni mbili tu zinazopokezana. Kwenye I, X na C vijiwe vitano vinabadilishwa kwa kimoja cha safu ya kushoto. Kwenye V na L vinabadilishwa viwili kwa kimoja. Hapo ndipo wanafunzi wanapokosea. Mtoto akizoea "tano kwa moja" anasubiri vitano kwenye V, ambavyo havitafika, na jibu linabaki na vijiwe viwili kwenye safu ya tano. Kosa la pili ni kuweka kijiwe kipya kabla ya kuondoa vya zamani. Mtu akikatishwa kidogo anasahau kuondoa, na jumla inavimba. Afundishwe kuondoa kwanza, ndipo aweke. Kosa la tatu ni kutaka kuandika IV ubaoni kwa kuweka kijiwe "kushoto kwa tano". Ubao hauna kutoa kwa namna hiyo. Nne ni vijiwe vinne. IV ni mtindo wa kuandikia jibu tu.

Kutoa kunafuata njia ileile kinyumenyume: ukikosa vijiwe kwenye I, vunja kimoja cha V upate vitano. V ikiwa tupu, vunja kimoja cha X upate viwili vya V, kisha kimoja cha hivyo ukivunje tena. Kwa jumla ya namba mbili zisizozidi 4,999, ukiwa na safu saba, huwezi kuhitaji zaidi ya vijiwe 38. Andaa 40 kwa kila kundi. Kete za bao zinafaa sana.

Mbao za aina hii zipo hadi leo. Ya marumaru iliyopatikana kisiwa cha Salamis, Ugiriki, mwaka 1846, ina urefu wa karibu mita moja na nusu. Warumi walikuwa pia na ya mfukoni, ya shaba, yenye mifereji na vifungo vinavyoteleza: vinne chini na kimoja juu, hicho cha juu kikiwa na thamani ya tano. Uingereza ya karne ya 12 hazina ya mfalme ilihesabu kodi juu ya meza ya takriban futi 10 kwa 5, iliyotandikwa kitambaa chenye mistari. Kwa sababu kilifanana na ubao wa sataranji, ofisi nzima ikaitwa "Exchequer". Richard FitzNeal, mtunza hazina wa wakati huo, ndiye aliyetuachia maelezo ya meza hiyo. Na "counter" ya dukani, tunayoiita kaunta, ni meza ya kuhesabia hivyohivyo.

Fasili_Sahihi

Mimi nijibu swali la pili, maana ndilo linalowaangusha wanafunzi kwenye mtihani.

"Count" ni kupita kitu kimoja kimoja hadi mwisho. Unachohesabu kipo mbele yako: viti, watu, siku. "Calculate" ni kupata namba usiyokuwa nayo kutokana na namba ulizo nazo, kwa kufuata kanuni. Kiswahili "hesabu" inabeba yote mawili: hesabu viti, hesabu riba. Hapo ndipo "calculate the chairs" inapozaliwa.

Kipimo chepesi cha kumpa mwanafunzi: kinachokuja baada ya "calculate" ni jibu linalotafutwa. "Calculate the area", kwa sababu eneo ndilo hulijui. Ukiandika "calculate the length and the width" wakati urefu na upana umepewa, umeweka malighafi mahali pa jibu. Kwa viti, "count the chairs" ukiviona. "Calculate the number of chairs" ni sahihi ikiwa umeambiwa kuna mistari 8 yenye viti 12, na unazidisha kupata 96 bila kuvigusa.

Kwenye mtihani "calculate" inadai njia na jibu lenye kizio chake. "State" inadai jibu tu. "Estimate" inadai ukadirie kwanza: 48 × 21 inakuwa 50 × 20, jibu 1,000. Anayeandika 1,008 amekokotoa vizuri lakini hakujibu swali.

"Compute" na "count" kiasili ni neno moja lililoingia Kiingereza mara mbili. Yote yanatoka Kilatini *computare*. Ndani yake kuna *putare*, kitenzi cha kupogoa mizabibu na kusafisha, kilichopata pia maana ya kupiga hesabu na kufikiri. Ndiyo *putare* iliyomo ndani ya "amputate". Lililopita midomoni mwa Wafaransa lilikatika likawa *conter*, kisha "count". Lililotolewa tena kwenye vitabu vya Kilatini lilibaki zima, "compute". Leo "compute" inaegemea hesabu ndefu zenye hatua nyingi, hasa za mashine. Lakini "computer" nayo ilianza ikiwa mtu. Kwa Kiingereza imeandikwa kwa maana hiyo tangu 1613, na kazi hiyo ilidumu hadi karne ya 20. Mwaka 1962, kabla mwanaanga John Glenn hajarushwa kuizunguka dunia, Katherine Johnson wa NASA, shirika la anga la Marekani, alirudia kwa mkono hesabu za njia ya chombo zilizotolewa na mashine.

"Reckon" ni ya ukoo tofauti kabisa, ya Kijerumani: Mjerumani anasema *rechnen*, Mholanzi *rekenen*. Katika Kiingereza cha kale ilikuwa ni kueleza au kusimulia kwa mpangilio, baadaye ikawa kuhesabu, kisha kufikia kauli. Leo "I reckon he is late" ni "nadhani amechelewa", na hakuna namba yoyote hapo. Maana ya zamani imebaki kwenye "day of reckoning", ambayo Kiswahili kinayo barabara: Siku ya Hesabu. Imebaki pia kwa mabaharia. "Dead reckoning" ni kujua meli ilipo bila kuona nchi kavu, kwa kuunganisha mahali ulipoanzia, mwelekeo, kasi na muda. Kasi ilipatikana kwa kamba yenye mafundo kila futi 47 na inchi 3. Ubao mdogo uliofungwa mwishoni mwa kamba unatupwa majini, kamba inaachiwa kwa sekunde 28 za shisha ya mchanga, na mafundo yaliyopita mkononi ndiyo kasi kwa maili za bahari kwa saa. Hatari yake ni mkondo: ubao na meli vyote vinachukuliwa na maji, kwa hiyo kamba haiuoni mkondo hata kidogo. Kosa la saa moja linaingia kwenye saa inayofuata.

Tahadhari ya mwisho: "calculating" ikimsifia mtu si sifa. "A calculating man" ni mtu anayewapigia wenzake hesabu, mwenye hila. "A calculated insult" ni tusi la makusudi.

Bandari_ya_Maneno

Nami nigusie upande wetu, maana kijiwe hakikuhesabia kwa Warumi peke yao.

Wagiriki walikuwa na *psephos*, kijiwe, na kutoka hapo wakapata kitenzi cha kuhesabu na cha kupiga kura. Waarabu wana *hasaa*, vijiwe au changarawe, na kitenzi *ahsaa*, kuhesabu mpaka kisibaki kitu. Wanaosoma majina 99 ya Mwenyezi Mungu wanalijua Al-Muhsi, Mwenye kudhibiti idadi ya kila kitu. Ni shina hilohilo. Takwimu kwa Kiarabu cha leo zinaitwa *ihsaa*.

"Hesabu" yetu inatoka Kiarabu pia, lakini kwa shina lingine, *hisaab*, lenye herufi ya sini, "s" ya kawaida, ilhali *hasaa* ina sadi, "s" nzito. Herufi hazilingani, basi msiyachanganye. Shina hilo nalo lina jambo la kuvutia: kwa irabu moja ni kuhesabu (*hasaba*), kwa irabu nyingine ni kudhani (*hasiba*). Yaani lilipita njia ileile ya "reckon".

Kuhusu kokoto na kokotoa, mwalimu, usilifundishe darasani kama ukweli. Sauti zinafanana na maana inapendeza ukishasikia habari ya *calculus*, lakini mfanano wa sauti si ushahidi. Kiswahili kina "kokota" pia, kuvuta kitu kwa shida, ambayo nayo inafanana na "kokotoa". Anayetaka kudai mojawapo ana kazi mbili: aonyeshe matumizi ya zamani yaliyoandikwa ambamo maana ya katikati inaonekana, na aeleze hiyo "-oa" ya mwishoni imeongeza nini kwenye shina. "Calculate" ina vyote viwili: vijiwe vipo makumbusho, misemo ya katikati ipo kwenye maandishi.

Kitu tunachoweza kukiona wazi ni "kikokotoo". Lilitengenezwa kwa kiambishi cha ki- cha kifaa, likawa jina la mashine ndogo ya mkononi. Kisha mjadala wa mafao ya wastaafu Tanzania kuanzia 2018 ukalisogeza. Watu waliposema "kikokotoo kipya" walikuwa wanasema kanuni inayoamua mstaafu apewe sehemu gani ya pensheni yake kwa mkupuo. Kanuni iliyoanza Julai 2022 iliweka asilimia 33. Hapo neno la kifaa limekuwa neno la utaratibu, kama *calculus* ilivyotoka kwenye kijiwe ikawa njia ya kukokotoa.

Mwl_Hisabati_F1

Wakuu nimewaelewa, na kete 40 kwa kila kundi nitazitafuta. Moja la mwisho: "calculate for x" ni sahihi? Naliona sana kwenye madaftari.

Fasili_Sahihi

Si sahihi. Ni mchanganyiko wa miundo miwili. "Solve for x" ina "for", kwa sababu kinachotatuliwa ni mlinganyo na x ndiyo shabaha. "Calculate" haihitaji kihusishi, jibu linaifuata moja kwa moja: "calculate x" au "calculate the value of x". Na kama hakuna mlinganyo wowote, mfano 3.5 × 12, andika "calculate 3.5 × 12". Hapo hata neno "the answer" halihitajiki.